TUSINUNUE FIMBO KWA BEI YA MABATI



Wiki mbili sasa kijijini hakuna mazungumzo mengine. Kisimani ni mashine, kilabuni ni mashine, hata msibani juzi watu walikuwa wakinong'onezana habari za mashine. Amekuja mgeni na sanduku jeusi. Ndani ya sanduku mna kishikio chenye antena mbili, naye anasema kifaa hicho kinaona dhahabu iliyofukiwa mita 30 chini ya ardhi, tena kutoka umbali wa kilomita nzima. Bei yake shilingi milioni 14. Na mfuko wa chama chetu, baada ya soko la tumbaku kufungwa, una shilingi milioni 16. Fedha hizo zilitengwa kwa mabati ya ghala na matengenezo ya mabani manne yaliyoezuliwa na upepo. Kila mmoja wetu alinyoosha mkono siku ile.

Sasa wapo wanaotaka Jumamosi mkutano mkuu ubatilishe neno hilo. Sisi Kamati ya Elimu tunasema mapema, na tunasema hapa ukutani ambapo kila mtu atasoma au atasomewa: tununue mabati. Tunatoa na sababu, maana kukataa bila sababu ni ubishi mtupu.

Kwanza tuelewane. Hatusemi hapa petu hakuna dhahabu. Chunya nzima inajua kuwa mbuga za Lupa zilichimbwa tangu miaka ya 1920, na mpaka leo mchimbaji mdogo anaokota kipande baada ya mvua. Wala hatusemi mashine zote ni uongo. Zipo mashine za kweli, na vijana wetu wanazo. Tunachosema ni kwamba mashine ya kweli ina mpaka wake, na mtu anayekuuzia mashine isiyo na mpaka anakuuzia maneno.

1. MASHINE YA KWELI INAFANYAJE KAZI

Mmeiona. Ni fimbo yenye sahani ya mviringo chini, betri, na visikilizio vya masikioni. Ndani ya sahani mna waya ulioviringwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huo, sahani inatoa nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha metali ardhini, inaamsha umeme mdogo ndani ya kitu kile, nacho kinatoa nguvu yake ya sumaku kujibu. Sahani inasikia jibu, sikioni unapata mlio. Kanuni hii aligundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Hakuna uchawi.

Basi angalieni jambo hili. Mashine haisikii "harufu ya dhahabu" wala "mionzi ya dhahabu". Inasikia kitu kinachopitisha umeme, basi. Dhahabu inapitisha umeme, lakini risasi pia, shaba pia, kizibo cha soda pia. Na dhahabu ya unga iliyotawanyika ndani ya jiwe, ile ambayo tunaitoa kwa karasha na kusafisha, mashine haiisikii kabisa. Inasikia kipande kilichoshikana.

La pili ni kina. Ukimwita mtu aliye mbali, sauti yako inachoka njiani kwenda, na jibu lake linachoka njiani kurudi. Mashine nayo hivyo hivyo, ila inachoka vibaya zaidi. Kwa kitu kidogo kilicho chini kupita upana wa sahani, ukiongeza kina mara mbili, jibu linapungua mara 64. Ukiongeza mara tatu, linapungua mara 729. Hesabu hii haijali bei ya mashine wala maneno ya muuzaji. Ndiyo maana mafundi wanasema kwa kitu cha ukubwa wa sarafu, tegemea kina kama upana wa sahani yenyewe, siyo zaidi sana.

Mnataka mfano? Mwaka 1980 huko Australia, jimbo la Victoria karibu na Kingower, mtu mmoja alipata kwa mashine kipande cha dhahabu cha zaidi ya kilo 27. Kilo 27, ndugu zangu! Hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyopatikana kwa mashine mpaka leo. Kilikuwa kina gani? Kama sentimita 30, sawa na rula ya mtoto wa shule. Sasa huyu mgeni wetu anataka tuamini kuwa yeye anasikia punje ya gramu mbili kwenye mita 30.

2. TULIFUKIA, TUKAPIMA WENYEWE

Hatukutaka kusema kwa mdomo tu. Jumamosi iliyopita vijana wawili wa hapa hapa, wachimbaji wenye leseni, walituazima mashine zao mbili. Watu zaidi ya 40 mlikuwepo nyuma ya ghala, mnaweza kutusuta tukiongeza chumvi.

Mashine ya kwanza ni nyepesi. Inanguruma mfululizo, mawimbi maelfu kwa sekunde. Hii ni hodari kwa punje ndogo zilizo karibu, na inaweza kukisia kama kitu ni chuma au siyo. Mashine ya pili ni nzito kama mtoto mgongoni. Hii inapiga kwa mapigo: inapiga, inanyamaza, inasikiliza, inapiga tena, mamia ya mara kwa sekunde. Kwa kuwa makelele ya udongo hufa upesi kuliko jibu la metali, mashine hii inasubiri udongo unyamaze kwanza. Kwa hiyo katika udongo mwekundu inashuka zaidi. Ubaya wake, haichagui vizuri. Msumari ukiwepo, inalia.

Tulifukia pete ya dhahabu (tunamshukuru mama aliyetuazima, na tulimrudishia mbele ya watu), kipini cha sikio, kufuli la shaba, msumari wa inchi nne, kizibo cha soda, na jembe bovu. Tulifanya mara mbili: mchangani kando ya mto, halafu kwenye udongo mwekundu wa nyuma ya ghala. Tuliyoyapata ni haya:

Pete. Mashine nyepesi iliisikia mchangani kwenye shibiri moja. Kwenye udongo mwekundu ikabaki nusu shibiri, tena kwa mashaka. Mashine nzito iliisikia kwenye udongo mwekundu shibiri moja na vidole vitatu.

Jembe. Mashine nzito ililisikia kwenye dhiraa moja. Tulipofunga sahani kubwa, ikalisikia chini zaidi kidogo. Lakini sahani hiyo hiyo kubwa ikapoteza kabisa kipini cha sikio, hata kilipokuwa vidole vinne tu chini. Ukubwa wa sahani unakupa kina kwa vitu vikubwa na unakunyima vidogo. Huwezi kupata vyote viwili.

Kipini. Mashine nyepesi ilikipata upesi. Halafu kijana akaiwekea kuchagua, akaiambia inyamazie karatasi za sigara. Kweli ikanyamazia karatasi. Na kipini cha dhahabu nacho ikakinyamazia! Tulirudia mara tatu. Sababu ni kwamba kipande kidogo cha dhahabu na karatasi ya sigara hujibu karibu sawa. Kwa hiyo akija mtu akasema mashine yake "inalia dhahabu tu, takataka haigusi", ujue ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Kizibo cha soda. Kilitudanganya wote. Kililia vizuri kama mali. Tulichimba kwa shangwe.

Katika mashine zote mbili, kwa vitu vyote sita, hakuna hata kimoja kilichosikika kwenye mita moja. Hizi ni mashine za kweli, zenye mafundi wa kweli nyuma yake.

Na mashine ya kweli inadanganywa na chuma cha jirani. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza kifaa cha namna hii ili kutafuta risasi mwilini. Hakuipata. Inasemwa springi za chuma za kitanda zilikoroga sauti, na daktari naye alimruhusu kupima upande mmoja tu, siyo upande ilikokuwa risasi. Rais akafa. Ikiwa Bell mwenyewe alishindwa kwa ajili ya springi za kitanda, mwafikiri kiwanja chetu kilichojaa misumari, maganda ya betri na vipande vya makopo kitatuonea huruma?

3. SASA FIMBO YA MGENI

Fimbo hii haina sahani. Haina waya ulioviringwa. Tulipoomba tuone betri, tuliambiwa inatumia "nguvu ya mwili wa anayeshika". Ina antena mbili zinazozunguka bila kukaza. Jaribuni nyumbani kwa waya mbili zilizokunjwa, mtaona: mkono ukiinama kiasi cha unene wa karatasi, waya unageuka wenyewe. Anayeshika hajui kuwa ni yeye anayegeuza. Anaona upande anaoutaka, na mkono unatii. Kwa hiyo hata anayeamini kwa moyo safi anaweza kudanganyika.

Tuliweka makopo matano yaliyofunikwa, pete chini ya kopo moja. Mara tano za kwanza mgeni aliona tunapoweka, na mara zote tano fimbo ilielekea kopo la kweli. Watu mkapiga makofi. Halafu tukamwomba ageuke, mama mmoja akaficha pete, na huyo mama naye akaondoka ili uso wake usimwambie kitu. Mara kumi tulifanya hivyo. Fimbo ilipata mara mbili. Ndugu, mtu aliyefumba macho akachagua kopo moja kati ya matano mara kumi, naye atapata kama mara mbili. Kwa hiyo milioni 14 ni bei ya kufumba macho.

Ndipo mgeni akasema dhahabu haisikiki mpaka ikae ardhini miaka mingi. Mbona zile mara tano za kwanza ilisikika?

Wala hatukuwa wa kwanza kuonyeshwa mchezo huu. Uingereza kulikuwa na mfanyabiashara, James McCormick, aliyeuza fimbo yenye antena iliyoitwa ADE 651. Alisema inanusa mabomu. Chanzo chake kilikuwa kifaa cha kutafutia mipira ya gofu, kitu cha dola zisizozidi 20, naye akaviuza kwa maelfu ya dola kimoja. Serikali ya Iraki ilivinunua kwa wingi, askari wakasimama navyo barabarani, magari ya mabomu yakapita, watu wakafa. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Thailand nayo ilinunua fimbo ya ukoo huo huo, GT200. Mwaka 2010 ikapimwa kwa kufichiwa, kama tulivyofanya sisi na makopo. Ikapata mara 4 katika 20.

Serikali zenye majeshi na wataalamu zilidanganywa. Kwa hiyo siyo aibu sisi kujaribiwa. Aibu ni kununua baada ya kuona makopo.

4. MANENO YANAYOSEMWA MITAANI

Wanasema: "Kuna mali ya Mjerumani chini ya mibuyu." Haya, tuhesabu. Ni kweli mwaka 1916, vita ilipokuwa inawabana, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa kama 16,000. Kila moja gramu 7 na kidogo. Zikusanye zote, hata moja isipotee: hazifiki kilo 120. Gunia moja la mahindi na debe moja juu yake, basi! Na hizo zilipigwa ili zilipwe watu, siyo ili zifukiwe. Sasa katika kila kijiji tunasikia masanduku saba chini ya mbuyu. Hiyo dhahabu ya masanduku yote ilitoka wapi?

Wanasema: "Kijiji cha pili wamepata." Nani? Jina lake? Alipata nini, aliuza wapi? Tangu 2019 yapo masoko ya madini, na Chunya lipo. Aliyepata kihalali ana karatasi ya mauzo. Aje nayo Jumamosi, tutaisoma kwa sauti.

Wanasema: "Kamati inaogopa maendeleo." Jamani! Sisi ndio tuliowaita vijana na mashine zao. Maendeleo ni kupima kabla ya kulipa. Tumbaku yetu inapimwa gredi, inapimwa kilo, na tunagombana kwa robo kilo kwenye mizani. Kwa nini kitu cha milioni 14 tukinunue bila mizani?

Wanasema: "Mgeni ni mtu wa heshima, anasali, ana gari." Hatuna ugomvi na sala yake. Tunauliza jambo moja tu. Mtu mwenye kifaa kinachoona dhahabu kutoka kilomita moja, kwa nini azunguke vijijini akiuza kifaa? Kwa nini asikate leseni akachimba siku tatu, akawa tajiri kuliko sisi sote na watoto wetu? Anayeuza ufunguo wa hazina hajawahi kuona hazina. Hazina yake ni sisi. Mirija yake ameielekeza kwenye mfuko wa tumbaku, siyo kwenye mwamba.

Na tusisahau sheria. Madini ni mali ya umma. Ukitaka kuchimba unakata leseni, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimtambui mtu aliyeonyeshwa na fimbo. Vitu vya kale navyo vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Na mashimo yatabaki kwetu. Mgeni atapanda gari lake, ng'ombe na watoto wetu watatumbukia.

5. TUNAPENDEKEZA HAYA

Moja. Neno la mkutano uliopita libaki. Mabati yanunuliwe mwezi huu, mabani yaezekwe kabla ya mvua. Tumbaku ikinyeshewa banini haina gredi, na bila gredi hakuna ada ya shule, hakuna mbolea ya msimu ujao.

Mbili. Yeyote anayetaka kuuzia chama mashine ya aina yoyote, kuanzia leo, apite makopo matano mara 20 akiwa hajui pete iko wapi. Kwa kukisia tu mtu hupata kama mara 4. Atakayepata 18, tutakaa naye kitako tuzungumze bei. Halafu tufukie vitu katika udongo wetu mwekundu, kwa sababu mashine inayosifiwa mchangani ya pwani inaweza kuzubaa hapa.

Tatu. Vijana wetu wenye leseni na mashine za kweli wasichukiwe. Wakitaka kupima mashamba ya wanachama, kwa ruhusa ya mwenye shamba na kwa sheria, tuandikiane mkataba wa siku kwa siku. Chama hakitatoa milioni, na wao hawatafanya kazi bure. Lakini wasituahidi zaidi ya shibiri na dhiraa, nasi tusiwadai zaidi ya hapo.

Nne. Kuna habari kwamba mgeni ameahidi "asante" kwa watakaosaidia neno lake lipite. Hatumtaji mtu, maana hatuna ushahidi. Tunasema tu: mwanachama yeyote aliyeahidiwa kitu asimame Jumamosi aseme mwenyewe, nasi tutampigia makofi kwa ukweli wake. Asiposema, na ikajulikana baadaye, mkutano utajua la kufanya.

Ndugu zetu, hatukuandika haya kwa kumchukia mgeni. Alikula kwetu, alilala kwetu, na atasindikizwa kwa heshima. Lakini jasho la wanachama 112 siyo chakula cha mgeni. Kila shilingi katika mfuko ule ina jina la mtu: aliyechota maji kitaluni alfajiri, aliyefunga majani usiku na watoto wake, aliyekaa macho akichochea moto wa bani. Dhahabu tuliyo nayo kwa hakika ni hiyo, na inaonekana bila mashine.

Jumamosi saa tatu asubuhi, ghalani. Njooni wote, kina mama msibaki nyuma. Makopo matano yatakuwepo mezani, na pete imeshaazimwa tena. Mgeni anakaribishwa.

Asiyejua kusoma, jirani yake amsomee.

USHIRIKA NI NGUVU. TUPIME KABLA YA KULIPA.

Kamati ya Elimu